Neno kwa Kila Mstari

Vamizi, 9 Februari 2025

Mama mdogo Zena,

Asalaam aleikum. Barua hii anakuletea Sufo, yule mfanyabiashara wa pweza wakavu anayevukia mpakani Namoto kuja huko kwenu. Usimpe soda kabla hajakukabidhi, Bibi anasema Sufo akishashiba husahau alichotumwa. Huku mnara wa simu bado haujasimamishwa, kwa hiyo tunaandikiana kama watu wa zamani. Mimi sijambo. Bibi Samiha hajambo, ila goti. Habari za Baba hakuna mpya. Mama hajambo, anakusalimu sana. Bibi amesema niandike hivyo.

Tangu tuikimbie Mbau kwa vita tukaja kukaa hapa kisiwani kwa Bibi mzaa baba, nimeanza shule tena. Niko oitava, yaani darasa la nane. Profesa Fábio anatufundisha kila kitu kwa Kireno, na Kiingereza mara mbili kwa wiki, kwa kitabu kimoja ambacho mchwa wamekula kurasa za mwanzo. Kwa hiyo tunajua kusema theluji, tunajua kusema stesheni ya treni, lakini sahani hatuijui. Prova, mtihani wenyewe, ni mwezi wa sita na Profesa amesema mwenye maneno machache atarudia darasa.

Nakuomba maneno. Wewe ni mwalimu wa Kiingereza, unayo mengi, hutapungukiwa. Nataka kwanza ya vitu vya humu ndani. Mchana usingizi ukinichukua mkekani, huyaona maneno yamesimama pale pwani maji yakiwa yamekupwa, meupe, yanasubiri mtu ayaite, na mimi sijui nianze na lipi. Nikiamka Mama yuko palepale kizingitini anautazama ukuta wa chokaa. Ukutani hamna kitu.

Usichelewe kujibu.

Mwanao,
Mastura


Mtwara, 27 Februari 2025

Mwanangu Mastura,

Waaleikum salaam. Sufo hakupata soda, alipata maji ya mtungini, na barua yako nimeisoma yeye akiwa amesimama mlangoni. Nimefurahi mpaka nikawasomea kipande wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza. Hao wamejaa darasani kama dagaa kapuni na neno la Kiingereza wanalolijua vizuri ni lile la kuitikia jina. Wakasema theluji ni bora kuliko sahani. Nimewapa kazi ya nyumbani kwa kosa hilo.

Sasa sikiliza. Usiandike maneno mia kwenye karatasi ukayakariri kama namba za simu. Kesho utaamka hayapo. Neno hukaa pale lilipo na kazi ya kufanya. Kata vipande vya karatasi, andika neno, ubandike kwenye kitu chenyewe, na kila ukikigusa ulitamke kwa sauti. Anza na jikoni, usiivamie nyumba nzima kwa siku moja. Kila jina la kitu ulipe mwenzake wa kutenda: kisu na kukata, ndoo na kuteka. Ukishazoea, bandua karatasi uone kama kitu bado kina jina lake. Kisicho nalo, kirudishie. Upande wa pili nimekuandikia ya kuanzia pamoja na namna ya kuyatamka, na usicheke namna yangu, ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba.

Nami nina swali langu. Dada yangu Ancha ana mkono mzuri wa kuandika, tena alinishinda shuleni. Mbona tangu mfike Vamizi hajaniandikia hata neno moja? Najua baba yako Jamaldine hajaonekana. Sijui niite msiba au kungoja, na sijui yeye anaitaje. Lakini mimi ni mdogo wake. Mwambie nimekasirika kidogo. Mwambie natania. Hapana, mwambie nimekasirika.

Mama yako mdogo,
Zena


Vamizi, 18 Machi 2025

Mama mdogo,

Ramadhani karimu. Prova bado, lakini nyumba imeshafaulu. Jikoni hakuna kitu kisicho na jina. Nilibandika kwa uji mzito wa muhogo na panya wakala neno la kijiko kwa ajili ya uji wenyewe, ikabidi niandike upya. Upepo ukiingia kwa dirisha la nyuma karatasi zote huinuka pamoja zikalala pamoja. Mimi hujilaza chini nikazitazama, naona nyumba nzima inanong'ona na kila kitu kinajitaja, na mvua ikinyesha wino hulegea na maneno huvimba kidogo. Nikifumba macho huendelea kuyaona.

Jirani yetu Nazira alikuja kuomba moto akaiona karatasi juu ya mlango. Hapa karatasi iliyoandikwa ikiwekwa juu ya mlango ni kinga, mwalimu Momade wa chuo cha Kurani ndiye anayewaandikia watu. Nazira akauliza kwa sauti ya chini kama ile ni ya mwalimu Momade. Nikamwambia ni Kiingereza, ni neno la mlango tu. Akafikiri, akasema huenda Kiingereza nacho kina nguvu zake, basi nimwandikie na yeye. Nimemwandikia DOOR kwa herufi kubwa. Sasa na mke wa jirani mwingine, Carimo, anataka, na ameniambia yake iwe ndefu zaidi. Bibi amecheka mpaka akalishika goti lake.

Juzi tukiandaa futari Mama alisimama mbele ya kopo la chumvi. Akaipitishia kidole karatasi yake, herufi moja moja. Salt. Midomo yake ilisogea. Sikusikia kitu, labda hapakuwa na kitu cha kusikia, lakini niliogopa hata kupumua.

Sasa naomba maneno ya aina nyingine. Nataka yasiyomtuma mtu popote. Usinipe ya kuamrisha, yale ya nenda na leta na rudi. Nipe ya vitu vilivyotulia, na ya mwili, na ya kazi zinazofanywa kwa vidole. Na tafadhali usiniulize kwa nini.

Mama hajambo. Safari hii nimeandika mwenyewe, Bibi yuko kisimani.

Mwanao,
Mastura


Mtwara, 12 Aprili 2025

Mwanangu Mastura,

Nimefundisha miaka mingi na sijapata kuombwa maneno yasiyomtuma mtu. Wanafunzi wangu wangeyapenda sana, kwa sababu hawapendi kutumwa. Umesema nisiulize, na mimi siulizi, nainamisha tu kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje.

Kama unataka ya vidole, chukua ya kusukia nywele. Chanuo ni comb, nywele ni hair, mafuta ni oil, na mengine nimeyapanga nyuma kuanzia utosini hadi kisogoni. Hivyo ndivyo nilivyojifunza mimi, usije ukamwambia mkuu wangu wa shule. Tulipokuwa wasichana kwetu Msimbati, kila mkesha wa sikukuu Ancha alikuwa akinisuka barazani. Sheria ilikuwa yake: kwa kila mstari wa nywele nimpe neno moja jipya la Kiingereza. Bila neno hasuki. Nikirudia nililokwisha kulitaja, anaufumua mstari aliotoka kuumaliza, na hana huruma hata chembe. Idi moja niliisherehekea nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Ninaposema Kiingereza kwenye chumba cha walimu, mpaka leo huhisi vidole vyake kichwani.

14 Aprili

Naendelea na barua niliyoiacha juzi, na sina tena utani.

Sufo amekuja. Amekunywa chai, amekula maandazi, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama huku Mtwara kuna daktari wa sauti, maana yule dada yangu hajatamka neno tangu Mbau. Alidhani najua. Kisiwa kizima kinajua. Nazira mwenye karatasi ya mlango anajua. Mimi niliyezaliwa naye tumbo moja ndiye niliyeandikiwa hajambo, anakusalimu.

Sikulaumu wewe, wewe ni mtoto na uliambiwa cha kuandika. Mwambie Bibi Samiha namheshimu kama mama yangu, lakini hili hakunitendea vizuri. Shule zikifungwa mwezi wa sita ninakuja kumchukua Ancha. Atatibiwa huku na atakaa kwangu. Na wewe utakuja ukitaka. Fungeni vitu vyake.

Zena


Vamizi, 29 Aprili 2025

Mama mdogo,

Nilimsomea Bibi barua yako neno kwa neno kama ilivyo, hata pale penye hasira. Kisha akasema yeye amebakiwa na watu wawili duniani na alijua ukisikia tu utakuja kuwachukua. Ndiyo maana alificha. Alilia, mama mdogo, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona Bibi akilia, hata tulipomletea habari za kupotea kwa Baba alikaa tu akichambua mchele.

Sasa nakwambia mimi, kwa sababu nilikuwepo.

Tulipotoka Mbau tulikuwa watatu njiani, watu wengi mbele na wengi nyuma. Tulikuwa tumeshafika mbali kidogo. Mama akasimama akamwambia Baba, "Rudi ukachukue cherehani, tutashonea nini huko?" Baba akacheka, akanipa mimi maji niyabebe, akarudi. Tukamngoja chini ya mkorosho. Watu walipita wote mpaka njia ikawa tupu. Hayo ya cherehani ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwa Mama. Anapika, anafua, anafunga na kusali, midomo inasogea kwenye sala bila sauti. Hamwambii mtu nenda, hamwambii mtu njoo. Mimi naona anaogopa kwamba atakayemtuma hatarudi.

Bibi amemwita mwalimu Momade akaandika kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi na Mama akanywa. Niliona maandishi ya manjano yakiyeyuka taratibu majini. Na mimi nilichukua zafarani iliyobaki nikaandika majina ya Kiingereza ya mikono na mabega na makwapa kwenye sahani yangu, nikayanywa kwa ajili ya prova. Bibi amenikemea siku nzima. Amesema tumbo litasahau Kiswahili.

Lakini sikia hili. Maneno ya Kiingereza hayajamtuma mtu popote hapa kwetu. Hayakuwepo Mbau. Ndiyo maana nayabandika. Prova ni kweli ipo, sikukudanganya, ila tangu ile siku ya chumvi najifunza kwa ajili ya Mama. Nikitamka neno, huinua macho. Nikitamka kwa Kiswahili haangalii.

Usimchukue. Akienda atakuwa ameondoka tena huku mtu amebaki nyuma. Baba akija atamtafuta hapa kwa mama yake. Na mimi sitaki kuchagua kati ya Mama na Bibi, nakuomba usinifanye nichague. Kama umekasirika, nikasirikie mimi.

Mastura


Mtwara, 16 Mei 2025

Mwanangu,

Nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa nasahihisha mitihani na karatasi za watu zimelowa, nimewaambia ni mvua.

Sikukasirikii. Mwambie Bibi Samiha anisamehe kwa maneno yangu, sikujua hofu yake. Lakini nitakuja, Mastura. Ancha alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako, na siwezi kukaa huku nikifundisha watoto wa watu kusema huku yeye amenyamaza. Nitafika baada ya Idi kubwa. Akiniambia kwa kinywa chake kwamba anabaki, nitarudi peke yangu na sitasema zaidi. Asipoweza kusema, nitamwamulia mimi, kwa sababu lazima mtu aamue, na mzigo huo si wa mtoto.

Uendelee na maneno.

Zena


Vamizi, 5 Juni 2025

Mama mdogo Zena,

Leo ni Arafa. Naandika haraka, Sufo anapakia mizigo na amesema hangoji. Prova tumemaliza. Profesa Fábio ameniuliza kwapa la Kiingereza nimelitoa wapi, nikamwambia nimelinywa. Hajaelewa lakini amenipa alama.

Asubuhi Bibi alisema Idi haiwezi kunikuta na kichwa hiki. Nikachukua chanuo na mafuta, nikaenda nikakaa chini kizingitini, katikati ya magoti ya Mama, bila kuomba. Kisha nikahisi chanuo kinagawa nywele zangu. Hakuwa amenisuka tangu Mbau.

Sikumweleza kitu. Nilisema tu comb. Vidole vikaanza. Mstari ulipoisha vikasimama, vikangoja, nami nikasema hair. Mama mdogo, alikuwa anaikumbuka sheria. Kila mstari ulipoisha vidole vilitulia juu ya kichwa changu mpaka nitoe jingine. Nikatoa ya jikoni, neno la chumvi likiwa la kwanza, kisha kisu, chungu, ndoo. Nikatoa ya mwilini. Nikatoa hata theluji. Jua lilikuwa limefika miguuni kwetu, Bibi alikuwa anakuna nazi pale uani, na karatasi za ndani zilikuwa zinainuka na kulala, kuinuka na kulala. Usingizi ukaanza kunichukua. Nilikuwa naona yale maneno ya pwani yanakuja moja moja, yanapanda kichwani kwangu yanakaa kwenye mstari wake, na sikujua tena lipi nimeshalisema na lipi bado. Nikafungua mdomo nikasema salt.

Vidole vikasimama. Nikangoja viendelee, havikuendelea. Kisha nikahisi mstari wa mwisho unalegea. Alikuwa anaufumua, taratibu, kuanzia kisogoni.

"Hilo umeshalitaja," Mama akasema.

Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kuamka, imekwaruza. Sikugeuka. Niliogopa kwamba nikigeuka itaondoka. Bibi aliendelea kukuna nazi, ila nilipomtazama nazi ilikuwa imeshaanguka majivuni na yeye anakuna hewa.

"Toa jingine," Mama akasema.

Nikawa sina. Maneno yote yalikuwa yamekimbia, hata jina langu nililisahau. Nikasema la Kiswahili, nikasema Mama. Hakufumua. Alisuka mstari mzima kwa neno hilo, kwa ulegevu, na machozi yake yalikuwa yananidondokea katikati ya njia za nywele.

Tulipomaliza Bibi alimwambia mwenyewe kwamba mdogo wake anakuja kumchukua baada ya Idi. Hakuficha. Mama akatazama ukuta, kisha akaninyooshea mkono nimpe kalamu. Nimemwachia nafasi hapa chini. Sijui ameandika nini, ameyafunika kwa kiganja.

Mastura


Vamizi, siku hiyohiyo

Zena,

Leo sauti ilikuwepo kidogo. Sijui kama utaikuta, ndiyo maana naandika.

Siendi Mtwara. Jamaldine nilimtuma mimi, na akirudi lazima anikute mahali anapopajua. Asiporudi pia nitakuwa kwa mama yake, kwa sababu na yeye anamngoja. Mastura amefaulu, na hiyo ni kazi yako.

Najua kichwa chako hakijasukwa vizuri tangu nilipoolewa. Leta chanuo kile cha Mama cha mpingo, na maneno nisiyoyajua. Ukirudia nafumua.

Njoo.

Ancha